Denis Burkitt: daktari aliyetazama taya la mtoto akauliza anatoka wapi

Mama, au wewe bibi, shangazi, baba au dada unayelea mtoto, leo naomba dakika chache zako nikusimulie maisha ya daktari aliyefariki zamani. Anaitwa Denis Burkitt. Pengine umewahi kulisikia jina hili hospitalini bila kujua kwamba ni jina la mtu. Ipo saratani ya watoto inayoitwa kwa jina lake, nayo huwapata watoto wa huku kwetu Kanda ya Ziwa.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Mhunze, wilayani Kishapu. Nina sababu yangu ya kumkumbuka daktari huyu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, bibi mmoja alinionyesha mjukuu wake wa miaka mitano. Jino la juu lilikuwa linacheza na shavu limevimba kidogo. Hakuwa na homa, alikuwa anakula na kucheza na wenzake. Nilimwambia bibi amsukutulishe maji ya chumvi, na akipata nauli ampeleke kwa daktari wa meno. Wiki tatu baadaye uvimbe ulikuwa umefika kwenye jicho. Mtoto alipewa rufaa, akatibiwa, na leo yu hai, anasoma. Lakini jicho lile halikuona tena. Zile wiki tatu ni mimi niliyezipoteza, siyo bibi.

Ndiyo maana nakuandikia. Sitaki wewe upoteze wiki hata moja.

Mtoto wa mpima barabara

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa wilaya yao. Lakini mzee huyo alikuwa na jambo lingine alilolipenda: ndege wadogo wa bustanini. Aliwanasa, akawavisha pete ndogo miguuni, akawaachia, kisha akachora ramani kuonyesha kila ndege anaishi upande gani na mpaka wake unaishia wapi. Watoto wake walikua wakimwona akifanya hivyo siku hadi siku. Ikumbuke ramani hiyo, tutairudia.

Denis alipokuwa na miaka 11, watoto wa shule walirushiana mawe. Jiwe moja likampiga usoni, likavunja miwani yake, na jicho la kulia likapotea. Maisha yake yote yaliyobaki aliona kwa jicho moja.

Alianza kusomea uhandisi kama baba yake katika Chuo cha Trinity, Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa, sababu ikiwa ni jicho lile. Watu waliona kwamba mpasuaji wa jicho moja hafai. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, jeshi la Uingereza lilihitaji madaktari, naye akapokelewa mwaka 1941. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, na mwaka huohuo jeshi likamleta Afrika Mashariki. Alifanya kazi Kenya na Somalia, akapata nafasi ya kuiona Uganda. Vita vilipoisha aliomba tena kazi ya serikali, na safari hii akakubaliwa.

Lira na ramani ya mabusha

Mwaka 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Kati ya wagonjwa aliowapasua, wengi walikuwa wanaume wenye mabusha. Daktari mwingine angepasua na kuendelea na kazi. Burkitt alimuuliza kila mgonjwa anatoka kijiji gani, akaandika. Alipopanga majibu kwenye ramani aligundua kwamba upande wa mashariki wa wilaya mabusha yalikuwa mengi mno, na upande wa magharibi yalikuwa machache. Watu ni walewale, chakula kinafanana. Tofauti ilikuwa mahali. Leo tunajua kwamba mabusha mengi ya Afrika hutokana na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na mbu wana mahali wanapopapenda.

Hapo alijifunza jambo lililomwongoza baadaye: ugonjwa una makazi yake, kama ndege wa baba yake.

Watoto wawili

Mwaka 1948 alihamia Kampala, katika Hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodi ya watoto akaone mvulana wa miaka mitano. Taya la mtoto lilikuwa limevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea. Burkitt alistaajabu. Jipu la jino hushika upande mmoja, na saratani ya mfupa pia kwa kawaida huanza mahali pamoja. Hiki kilikuwa kitu gani kilichoshika pande nne kwa wakati mmoja?

Wiki chache baadaye alikwenda kutembelea hospitali ya Jinja. Akiwa ndani alitazama nje kupitia dirishani, akamwona mama ameketi na mtoto mwenye uso uliovimba. Akatoka nje akamchunguza. Taya lilikuwa limevimba vilevile, na alipogusa tumbo akakuta uvimbe mwingine humo.

Mtoto mmoja ungeweza kumsahau. Wawili walimnyima usingizi. Alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani, akakuta kwamba watoto wengi waliowahi kuandikiwa saratani ya taya walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini, ovari au karibu na jicho. Madaktari walikuwa wakiandika majina tofauti kwa kila kiungo. Burkitt akasema, kwa maandishi yake ya mwaka 1958 kuhusu watoto 38, kwamba huu ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Baadaye wataalamu wa maabara wa Kampala walithibitisha kwamba ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile askari za mwili zinazokaa kwenye mitoki na kuzunguka kwenye damu.

Mama, tafadhali ona jambo moja hapa. Hakuna mashine iliyougundua ugonjwa huu kwanza. Ni mtu aliyemtazama mtoto uso, akamgusa tumbo, akauliza anatoka wapi. Kazi hiyo wewe unaifanya kila siku unapomwogesha mwanao.

Safari ndefu ya mwaka 1961

Burkitt alitaka kujua makazi ya ugonjwa huu. Alipata msaada mdogo sana wa fedha, paundi 25, akachapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa hospitali za serikali na za misheni katika Afrika. Kila karatasi iliuliza kama daktari wa pale amewahi kuona mtoto wa namna hii. Majibu yalipokuja alichoma pini kwenye ramani.

Mwezi Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari lililokwisha kutumika alilolinunua kwa paundi 250. Walipita Tanganyika, ambayo ilikuwa imebakiza wiki chache kupata uhuru, wakashuka kusini kupitia nchi za Zambia, Malawi na Msumbiji za leo, hadi Afrika Kusini. Walitumia wiki kumi na kwenda maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000. Waliingia hospitali zaidi ya hamsini. Kila walipofika walitoa picha na kuuliza swali lilelile.

Ramani ilipokamilika ilionyesha mkanda mpana unaokatiza katikati ya Afrika, na mkia unaoshuka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa na ugonjwa. Karibu na ikweta, watoto wanaoishi juu ya mita 1,500 hivi hawakuupata. Kadiri ulivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa mbu na virusi aliyekuwa Entebbe, alimsaidia kutambua kwamba mlima wenyewe si sababu. Sababu ni joto na mvua. Ugonjwa ulikaa mahali ambapo joto halishuki sana na mvua inatosha mbu kuzaana.

Sisi wa Shinyanga, Geita, Mwanza na Mara tumo ndani ya mkanda huo. Joto tunalo. Maji yaliyotuama tunayo pia: malambo ya kunyweshea ng'ombe, majaruba ya mpunga, na mashimo ya wachimbaji wadogo yanayojaa maji masika. Mahali mbu anapozaana ndipo penye malaria, na penye malaria nyingi ndipo ugonjwa wa Burkitt unapokaa.

Virusi, malaria na mkasi ndani ya damu

Kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Kati ya wasikilizaji alikuwepo mtafiti Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku. Aliposikia kwamba kuna saratani ya watoto inayofuata joto na mvua, alishuku kwamba kuna virusi. Wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitatumwa kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili hawakuona kitu. Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa ajili ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilichelewa kufika, na maji yake yalikuwa yamekuwa machafu kama yameoza. Badala ya kumwaga, Epstein aliyatazama kwenye hadubini. Hazikuwa bakteria. Zilikuwa chembe za uvimbe zilizo hai, zikielea. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi vipya, ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr.

Usiogope jina hilo. Virusi hivi huenea kwa mate, na zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo. Wewe unavyo, mimi ninavyo, na watoto wengi wa kwetu huvipata wakiwa wadogo kabisa. Karibu wote hawapati saratani yoyote. Kwa hiyo mtoto akiugua, si kwa sababu ulimbusu, wala si kwa sababu bibi alimtafunia chakula. Usikubali mtu akubebeshe lawama hiyo.

Sasa malaria inaingia wapi? Nitakueleza kwa mfano wa fundi cherehani.

Ndani ya damu na mitoki kuna chembe nyeupe zinazotengeneza kinga. Vijidudu vikiingia, chembe hizi hukaa chini kama fundi na kushona kinga inayomtosha adui yule. Ili ashone vizuri, fundi hukata na kuunganisha upya sehemu ya maelekezo yaliyo ndani ya chembe. Mkasi anaotumia ni kimeng'enya, yaani kemikali ya mwili inayoharakisha kazi. Kwa kifupi kimeng'enya hiki kinaitwa AID. Jina linafanana na la UKIMWI kwa Kiingereza, lakini havihusiani kabisa.

Kwa kawaida fundi hukata kidogo, hushona, huweka mkasi chini. Mtoto anayeugua malaria tena na tena humwacha fundi na mkasi mkononi miezi na miaka. Siku moja mkasi unakata pasipo pake. Kipande kinashonwa mahali pasipo pake, na sehemu ya maelekezo inayosema chembe ijigawe inabaki imewashwa, haizimiki. Chembe iliyoharibika hivyo ilipaswa kufa, lakini virusi vya Epstein-Barr vilivyomo ndani yake vinaisaidia isife. Ndipo chembe moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Saratani hii ni kati ya zile zinazokua kwa kasi kuliko zote kwa binadamu. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwa panya kwamba malaria ya muda mrefu, pamoja na mkasi huo, inaweza kuzaa saratani ya chembe nyeupe.

Hata hapa nchini swali hili lilijaribiwa. Kati ya mwaka 1977 na 1982, katika eneo la North Mara, karibu na Shirati, watoto waligawiwa klorokwini mara kwa mara ili kuzuia malaria. Wagonjwa wa Burkitt walipungua katika miaka hiyo. Lakini walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa, kwa hiyo watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba ni dawa iliyofanya kazi. Nakueleza ukweli huo kama ulivyo. Hatuwezi kukuahidi kwamba chandarua kitamkinga mwanao na saratani hii moja kwa moja. Tunachojua ni kwamba mtoto anayeugua malaria mara chache anampa yule fundi nafasi ya kuweka mkasi chini, na malaria peke yake inatosha kuua. Sababu hizo mbili zinatosha kufunga chandarua kila usiku.

Dawa zilizoyeyusha uvimbe

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini alikiri kwamba kisu hakiwezi kuwasaidia watoto hawa. Huwezi kukata taya pande nne na tumbo pia. Uganda ya wakati ule haikuwa na mashine ya mionzi. Madaktari wa saratani kutoka Marekani walimletea dawa mpya, wakitaka kujua kama zitafanya kazi. Alizitumia kwa dozi ndogo, kwa sababu hakuwa na maabara kubwa ya kufuatilia madhara. Matokeo yalimshangaza yeye mwenyewe. Uvimbe uliokuwa umeziba jicho uliyeyuka katika siku chache. Baadhi ya watoto walipona kabisa, wakaendelea kuishi miaka mingi. Wakati ule ilikuwa nadra mno kwa saratani yoyote kupona kwa dawa peke yake.

Mwaka 1967, baada ya Burkitt kuondoka, palianzishwa Mulago kituo maalumu cha kutibu ugonjwa huu, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Dawa zilizotumika miaka ile, kama vile saiklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati, bado zinatumika, sasa kwa mpangilio bora zaidi.

Miaka ya mwisho, na damu inayoganda miguuni

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Hakustaafu. Alirudia swali lake la zamani: ugonjwa gani unakaa wapi? Alikumbuka kwamba Mulago aliona mara chache mno wagonjwa waliogandiwa na damu kwenye mishipa ya miguu baada ya upasuaji, wenye bawasiri, au wenye saratani ya utumbo mpana, wakati Uingereza walijaa wodini. Alitazama chakula. Akaandika miaka ya 1970 kwamba watu wanaokula nafaka zisizokobolewa, maharage, mboga na mizizi hupata choo laini na kingi, na huenda hilo linawakinga na baadhi ya magonjwa hayo. Si kila alichokiwaza kilithibitishwa. Damu kuganda miguuni, kwa mfano, leo tunajua kuna sababu nyingine nyingi, na ujauzito na kujifungua ni mojawapo. Kwa hiyo mama uliyejifungua karibuni, ukiona mguu mmoja umevimba na unauma, au unabanwa na pumzi ghafla, nenda kituoni siku hiyohiyo.

Lakini kuhusu choo na utumbo wataalamu wengi wanakubaliana naye hadi leo. Ugali wa dona au wa mtama, kunde, mlenda na michembe ya bibi si chakula cha umaskini. Daktari huyu alizunguka dunia akiwasihi matajiri wale kama wewe.

Alifariki tarehe 23 Machi 1993 nchini Uingereza, akiwa na miaka 82. Yule aliyekataliwa kwa kuwa na jicho moja aliona kitu ambacho wengi wenye mawili walikuwa wamekipita.

Wewe utazame nini?

Ugonjwa wa Burkitt ni nadra. Watoto wengi wenye jino bovu wana jino bovu tu. Lakini kwa sababu unakua haraka, hatusubiri tuone. Huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi saba, wavulana zaidi ya wasichana, ingawa mdogo au mkubwa zaidi anaweza kuupata. Nenda kituo cha afya ukiona:

- Taya au shavu limevimba na linazidi kukua siku hadi siku, hata kama haliumi na mtoto hana homa.
- Meno zaidi ya moja yanacheza kabla ya umri wa kung'oka, au yamepinda ghafla.
- Jicho moja linatokeza nje.
- Tumbo linajaa au unagusa kitu kigumu ndani wakati wa kumwogesha.
- Miguu imelegea, mtoto aliyekuwa anatembea sasa hawezi, au hawezi kukojoa. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo.

Ukifika, sema tangu lini ulianza kuona, na kama uvimbe umekua ndani ya wiki moja au mbili. Maneno hayo humsaidia mhudumu kuliko unavyofikiri. Ukipewa dawa ya jino au ya jipu na uvimbe ukaendelea kukua, usikae nyumbani kwa aibu ya kurudi. Rudi, na uulize kama mtoto anahitaji rufaa. Mimi ningeshukuru kama bibi yule angerudi baada ya siku nne akanisumbua.

Tafadhali usikubali jino ling'olewe mara mbili, mara tatu, huku shavu linazidi. Usikubali uvimbe uchanjwe chale au utobolewe nyumbani. Sisemi umdharau mganga au wazee wa familia. Nasema kwamba uvimbe huu hausubiri kikao cha ukoo.

Ukipewa rufaa, ujiandae hivi

Hospitali ya wilaya au ya mkoa itakupeleka kwenye hospitali kubwa, kama Bugando iliyopo Mwanza. Kule watachukua kinyama kidogo kutoka kwenye uvimbe ili wakipime. Kuchukua kinyama hakusambazi ugonjwa. Bila kipimo hicho hawawezi kujua watumie dawa gani.

Dawa hutolewa kwa dripu na sindano, kwa awamu kadhaa. Mtoto atapewa maji mengi, kwa sababu uvimbe unapoyeyuka haraka mabaki yake yanaweza kuumiza figo. Atapewa pia sindano ya uti wa mgongo. Najua wengi tunaiogopa, tumesikia kwamba inapoozesha. Inatolewa kwa sababu ugonjwa huu hupenda kujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya dripu haifiki vizuri. Muulize daktari maswali yako yote, lakini usiikatae.

Nywele zitanyonyoka, zitaota tena. Kinga ya mtoto itashuka, kwa hiyo akipata homa wakati wa tiba, iwe usiku au siku ya sikukuu, mpeleke hospitali palepale.

Na hili ndilo ninalokuomba zaidi ya yote. Ndani ya wiki ya kwanza uvimbe unaweza kutoweka kabisa. Mtoto atacheka, ataomba chakula, atataka kurudi nyumbani. Shamba linakungoja, watoto wengine wako kwa jirani, nauli imekwisha. Wazazi wengi huondoka hapo. Lakini chembe chache zinakuwa zimebaki, na zikirudi huwa ngumu zaidi kutibu. Katika nchi zenye uwezo mkubwa watoto walio wengi hupona kabisa. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na kati ya sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kuacha tiba katikati. Ukiona fedha zinakwisha, usitoroke. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, mweleze hali yako, aone utasaidiwaje. Nasi wahudumu wa kijijini tuambie mapema, ili tusaidie kuzungumza na familia na majirani kuhusu wale waliobaki nyumbani.

Nyumbani, kila siku

Funga chandarua chenye dawa kila usiku, hata kiangazi. Mtoto akichemka, apimwe malaria ndani ya saa 24, na akikutwa nayo amalize dozi yote ya dawa mseto hata kama ameamka vizuri. Mama mjamzito, hudhuria kliniki umeze dawa ya kuzuia malaria unapopewa. Fukia mashimo yanayotuama maji karibu na nyumba.

Na mara moja kwa wiki, wakati wa kumwogesha mwanao, mwambie afungue mdomo. Tazama ufizi, juu na chini, kulia na kushoto. Pitisha vidole kwenye taya. Bonyeza tumbo taratibu akiwa amelala chali. Mtazame macho yote mawili kama yako sawa. Haichukui hata dakika mbili. Ukiona kitu kinachokutia shaka, njoo kesho asubuhi. Tukikuta ni jino tu, utarudi nyumbani na moyo mweupe, na sisi tutafurahi pamoja nawe.